Deacon Hachechemei

Kila asubuhi, kabla basi la shule halijapanda kilima chetu, nilikuwa na kazi tatu: kumjazia Deacon maji, kumtupia nyasi kavu, na kufunga lango lake kwa mnyororo. Komeo peke yake halikutosha, kwa maana Deacon alikuwa amejifunza kulifungua kwa midomo. Mara mbili tulimkuta kwenye bustani ya mama akila maboga, ametulia kama mgeni aliyealikwa.

Deacon alikuwa farasi wa Babu, wa rangi ya hudhurungi, mwenye umri wa miaka kumi na miwili sawa na mimi. Jina lake maana yake ni shemasi. Babu alimpa jina hilo kwa sababu kila akienda huinamisha kichwa na kukiinua, hatua kwa hatua, kama shemasi anayekubaliana na kila neno la mchungaji. Farasi wengi wa milima yetu ya Ozark, huku Marekani, ndivyo walivyo. Miguu ya mbele hutembea, ya nyuma hukimbia kidogo, na mgongo hautikisiki. Babu alikuwa akisema unaweza kumpanda Deacon ukiwa na kikombe cha kahawa mkononi na usimwage hata tone. Mimi nilijaribu kwa maziwa. Nilimwaga, lakini kidogo tu.

Hakuna kazi aliyoikataa. Alikusanya ng'ombe, alivuta magogo ya kuni, alibeba mawindo kutoka msituni, na kwenye sikukuu ya kanisa alizunguka uwanjani siku nzima na watoto wadogo mgongoni, mmoja akishuka mwingine akipanda. Bunduki zikilia, alisimama. Mbwa wakimbwekea, alisimama. Mimi nilijifunza kutembea nikiwa nimeshika mguu wake wa mbele. Mama aliponiona hivyo mara ya kwanza, nusura azimie.

Mwaka ule figo za Babu zilikwisha nguvu. Mara tatu kwa wiki mama alimwendesha mwendo wa saa moja na nusu hadi hospitali, ambako damu yake ilisafishwa kwa mashine, kisha akamrudisha akiwa hoi. Ikaamuliwa kwamba mwezi wa Novemba tuhamie mjini, kwenye nyumba ya ghorofa iliyo jirani na hospitali. Huko hakukuwa na malisho. Kulikuwa na maegesho ya magari tu. Ng'ombe waliuzwa, kuku wakagawiwa majirani, na mwishowe akabaki Deacon.

"Huyu hatutamtoa kwa yeyote anayekuja," Babu aliniambia. "Tutamtafutia mtu. Mtu kwanza, bei baadaye."

Babu Orval Maddox alijulikana milima yote ile kwa desturi yake moja. Mnunuzi akija, kabla hajauliza lolote, Babu humtajia kwanza ubaya wote wa farasi. Huyu anauma. Huyu anaogopa madaraja. Wengine walimcheka, lakini watu walitoka majimbo ya mbali kununua kwake wakiwa wamefumba macho. Mama alipoandika tangazo la Deacon kwenye kundi la wauza farasi la mtandaoni, aliandika kwamba ni mtulivu, mwendo wake ni laini, na anaweza kazi yoyote. Babu akamlazimisha aongeze: "Anafungua makomeo. Ni mwizi wa maboga."

Mimi nilimchukia mnunuzi hata kabla hajapatikana.

Alikuja Jumamosi moja alasiri. Alikuwa mwanamke mrefu wa miaka sitini na kitu, mwuguzi mstaafu aitwaye Bi Voss, na alikuwa ameendesha gari kwa saa saba kutoka jimbo la Iowa, akikokota trela la kubebea farasi. Alitembea akiegemea upande mmoja. Babu alikuwa ndiyo kwanza amerudi hospitali, amelala kwenye kochi na blanketi hadi kidevuni.

"Mjukuu wangu atakuonyesha," alimwambia Bi Voss. "Anamjua kuliko mimi. Muulize chochote."

Tulipofika bandani Bi Voss alinieleza mambo yake bila kuficha. "Farasi kijana alinirusha chini miaka miwili iliyopita. Nyonga yangu sasa ina vyuma. Daktari alinikataza kupanda tena, mimi nikamwambia nitapanda, ila nitamtafuta mnyama mwenye akili kunizidi. Nasikia farasi wa huku hawamrushirushi mtu."

Nilimpenda papo hapo, na hilo lilinikasirisha zaidi. Niliweka tandiko, nikapanda, nikaenda mbele yake kandokando ya uzio. Deacon akaenda vizuri kama kawaida, kichwa kikishuka na kupanda. Niliporudi nilimkuta Bi Voss amekunja uso.

"Hicho kichwa chake," alisema polepole. "Mbona kinapanda na kushuka hivyo? Kwetu farasi akienda hivyo, basi mguu unamuuma."

Hapa nyumbani hata mtoto wa miaka sita angemjibu. Angemwambia kwamba farasi wa kwao ni wa aina nyingine, na kwamba wa kwetu asipoinamisha kichwa ndipo uwe na wasiwasi. Nilifungua mdomo niseme hivyo. Yakatoka mengine.

"Ni tangu majira ya baridi," nilisema. "Mguu wa mbele, wa kulia. Babu hapendi kulisema."

Yale maneno ya mwisho hayakuwa na haja kabisa. Mpaka leo ndiyo yanayoniuma kuliko yote.

Bi Voss alimpapasa Deacon shingoni kwa muda mrefu. "Maskini," alisema. Kisha akaingia ndani, akamshukuru Babu kwa adabu, akasema farasi ni mzuri lakini hatamfaa, akaondoka na trela lake tupu. Nililitazama trela likishuka kilima na nilifurahi. Siwezi kusema vingine. Nilifurahi hadi nikampa Deacon boga zima.

Furaha hiyo ilidumu hadi Jumanne. Shuleni wakati wa chakula, Casey Pruitt alikuja na sahani yake, akaketi mbele yangu bila kukaribishwa. Baba yake Casey huwapigilia farasi viatu vya chuma, kwa hiyo habari zote za farasi humfikia yeye kwanza.

"Eti babu yako anauza farasi kilema?"

"Nani kasema?"

"Kundi zima linasema. Mama mmoja wa Iowa kaandika chini ya tangazo lenu. Kasema farasi ni mpole sana lakini anachechemea, na mtoto wa nyumba ndiye aliyemwambia, basi watu waulize vizuri kabla ya kufunga safari." Alitafuna kidogo. "Baba hakuamini. Kasema Mzee Orval hawezi. Halafu akasema labda ugonjwa umemkoroga akili."

Chakula kilinishinda. Niliporudi nyumbani nilimkuta Babu yuko nje, kwenye baridi, akiwa amepiga magoti kando ya Deacon. Alikuwa akipapasa mguu wa mbele wa kulia kwa vidole, kutoka goti hadi kwato, akirudia na kurudia. Mkono wake wa kushoto, ule wa sindano za mashine, ulikuwa bado na bandeji. Mama alikuwa amemsomea yaliyoandikwa.

"Twyla," alisema bila kuinua kichwa. "Ulimwambia hivyo yule mama?"

Nilikuwa na nafasi ya kukiri. Ilikuwa pale, wazi, hakuna aliyenishika koo.

"Ndiyo, Babu."

"Mimi sioni kitu. Wala sisikii joto, wala uvimbe." Alikaa chini kwenye majani. "Lakini sijampanda tangu masika. Wewe ndiye unayempanda. Niambie wewe. Unahisi anachechemea?"

Kama ningesema hapana, angeniuliza kwa nini nilimwambia Bi Voss vile. Nikaliogopa swali hilo kuliko kitu chochote duniani.

"Kidogo," nilisema.

Babu aliitazama mikono yake, mmoja kisha wa pili. "Miaka sitini nashika miguu ya farasi," alisema. "Basi nayo imekwisha."

Aliniamini mimi kuliko mikono yake mwenyewe. Nilimsaidia kuinuka, nikamshika kiuno hadi mlangoni, na njia nzima sikuweza kumtazama. Siku ile hakula. Mama alimpikia maharagwe na mkate wa mahindi, chakula anachokipenda, akakisukuma pembeni na kukaa akitazama dirishani.

Hakuna mtu mwingine aliyepiga simu kuuliza habari za Deacon. Babu alimwomba jirani mmoja amchukue bure akae tu malishoni, na jirani akasikitika kweli, lakini kiangazi kilikuwa kikavu na nyasi hazikuwatosha hata wanyama wake. Alimwomba wa pili. Jibu lilikuwa lile lile. Zilibaki siku kumi na mbili tuhame.

Alhamisi niliposhuka kwenye basi niliona pikapu ya Stith uani. Kila mtoto wa kwetu anaijua pikapu hiyo. Stith hununua farasi ambao hakuna mwingine anayewataka, wazee, vipofu, waliovunjika, na anawanunua kwa uzito. Lori lake huenda kusini hadi machinjioni ng'ambo ya mpaka, na farasi waliopanda humo hawarudi. Alikuwa amesimama na Babu kwenye uzio, kofia ameisukuma kisogoni, akimtazama Deacon kwa jicho la mtu anayepima gunia.

"Mimi simlaumu mtu, Mzee Orval," alikuwa akisema. "Ndivyo mambo yalivyo. Farasi kilema, nani atamlisha?"

"Siwezi kumuuza kwa mtu wa kumpanda," Babu alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Akianguka mlimani na mtu mgongoni, nitakuwa mimi ndiye niliyemwua."

"Ndiyo maana nipo mimi. Mimi simpandi. Nije kesho?"

Nilimngoja Babu amfukuze. Miaka yote alikuwa hata hamsalimu Stith. Akashika uzio kwa mikono miwili.

"Nipe mpaka Jumatatu nifikiri," alisema.

Begi la shule lilinianguka. "Hachechemei!" nilisema. "Babu, Deacon hachechemei. Nilidanganya."

Wote wawili waligeuka. Stith akacheka, na hakucheka vibaya. "Watoto hawa," alisema. "Wangu alidai mbuzi wetu ana mimba ili asichinjwe. Alikuwa beberu."

"Nilimdanganya Bi Voss ili asimnunue. Halafu nikakudanganya na wewe."

Babu alinitazama machoni. Nilitaka akasirike. Lakini niliona jambo baya zaidi: hakujua aniamini au asiniamini. Jumanne nilikuwa nimesema anachechemea. Leo, mbele ya mtu wa lori, nasema hachechemei. Mtoto yeyote anayempenda farasi angesema hivyo hivyo. Kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa nasema kweli kwa nguvu zangu zote, na neno langu halikuwa na uzito wowote.

"Mtoe," Babu alisema mwishowe. "Mpande. Usimpeleke malishoni, mpeleke kwenye barabara ya lami."

Sikuweka hata tandiko. Nilimpanda hivyo hivyo, tukatoka langoni. Babu alijikokota hadi ukingo wa barabara, akasimama pale, akafumba macho. Nilielewa alichokuwa akifanya. Macho yake hayakuwa mazuri tena, mikono alikuwa ameacha kuiamini, na mimi je, nani angeniamini? Yalibaki masikio. Farasi anayeumwa hukanyagia mguu mmoja kwa woga, na kwenye lami utasikia mapigo hayalingani, moja zito, moja jepesi.

Tulikwenda hadi kwenye sanduku la barua la jirani, tukarudi. Kwato zililia sawasawa, nne, nne, nne, bila kosa. Tukaenda tena. Babu alikuwa bado amefumba macho, na midomo yake ilikuwa ikihesabu. Tuliporudi mara ya tatu aliinua mkono.

"Stith," alisema, "nenda zako."

"Mzee Orval, hata kama..."

"Nimesema nenda zako. Huyu ni mzima kuliko wewe."

Pikapu ilipoondoka, niliteremka na kungoja kipigo au matusi. Babu hakufanya lolote kati ya hayo. Alimshika Deacon mguu wa kulia, akaupapasa mara moja tu, akauachia.

"Nilidhani mikono yangu imekufa," alisema. "Siku mbili nimelala nikijiambia, Orval, huna tena unachokijua. Wewe ulikuwa unaniona. Ukaniacha."

Nililia hadi nikapaliwa. Aliniacha nilie. Nilipotulia, alitoa simu mfukoni na kunipa.

"Mpigie yule mama. Mimi sisemi neno. Ulifunga mwenyewe, ufungue mwenyewe."

Bi Voss aliniacha nimalize. Nilimwambia kuhusu vichwa vya farasi wa kwetu, nikamwambia kwamba nilijua, nikamwambia kwamba Babu hakuficha kitu na kwamba yale maneno juu yake niliyatunga.

"Siku zote hizi nimekuwa nikimsema babu yako vibaya moyoni," alisema. "Mzee mgonjwa. Umenifanya nimkosee mtu nisiyemjua. Na sasa nitajuaje, binti, ni lipi la kweli, lile au hili?"

"Njoo na daktari wako wa mifugo," nilisema. "Umchague wewe. Usiniamini mimi."

"Na kule kwenye kundi?"

"Nitaandika mwenyewe. Kwa jina langu."

Niliandika. Mistari minne, ilinichukua saa nzima. Kesho yake shuleni Casey alinipisha njia kwa heshima ya kejeli. "Pisheni, pisheni, daktari wa farasi anapita. Daktari, hebu nitazame goti, nife au niishi?" Meza nzima ikacheka. Kwa siku zilizobaki hakuna aliyeniita Twyla. Niliitwa Daktari, na nilistahili.

Bi Voss alikuja Jumatano iliyofuata na daktari wa mifugo aliyemtafuta mwenyewe. Daktari alikunja kila mguu, akagonga kila kwato, akamkimbiza Deacon kwa duara pande zote mbili, akasema angetamani wagonjwa wake wote wawe wazima hivyo. Babu alikuwa ameketi kwenye kiti mbele ya banda. Kama kawaida yake, aliyataja maovu ya Deacon moja baada ya jingine, makomeo, maboga, na jinsi anavyonuna akiwekwa nyuma ya farasi wengine. Kisha Bi Voss akapanda. Alikwenda hadi mwisho wa malisho, na aliporudi alikuwa ameweka mkono kwenye ile nyonga yake, akitabasamu kama msichana.

"Haijaniuma," alisema. "Bwana Maddox, haijaniuma hata kidogo."

Babu alinipa mimi kamba nimpeleke kwenye trela. Nilitumaini kwamba angekataa kupanda, japo mara moja. Nilitumaini angegeuka. Lakini Deacon hakuwa farasi wa kukataa, na aliniamini. Alipanda mle ndani nyuma yangu, akaanza kula nyasi zilizowekwa. Nilimfunga kamba, nikambusu puani, nikatoka kwa kile kilango kidogo cha pembeni. Trela liliteremka kilima na kupotea nyuma ya miti. Iowa ni mbali. Sikumwona tena.

Mimi na Babu tulibaki tumeketi mbele ya banda tupu. Alinivuta upande wa mkono wake mzima.

"Nisikilize, mjukuu wangu. Kumpenda Deacon hakukuwa kosa. Wala kutotaka auzwe hakukuwa kosa. Ungeniambia, 'Babu, sitaki,' ningekusikiliza, tungelia pamoja, halafu tungemuuza, kwa sababu hatukuwa na njia. Wewe ukatumia uongo umzuie asiondoke. Ulidhani unaweza kuuambia mahali pa kusimama. Uliutuma kwa mama wa watu, ukafika shuleni, ukanifikia mimi kitandani, na mwisho ukamwita mtu wa lori. Ukweli ulikugharimu farasi. Uongo ungemgharimu yeye roho yake. Ukitaka kumlinda unayempenda, anza kwa kusema kweli, hata ikiwa kweli yenyewe inakuondolea yeye."

"Ndiyo, Babu."

Upepo ulikuwa umeanza kuwa mkali. Alinifunika kwa upande mmoja wa koti lake.

"Unalia?" aliniuliza.

"Hapana," nilisema.

Alingoja tu, akitazama mbele.

"Ndiyo," nilisema. "Ninalia."

"Na mimi pia," alisema Babu.